Ufunguo Mmoja wa Gari la Luhende

Vijana wa gereji, mmeniomba mara tatu niandike niliyoyaona katika miaka yote niliyoshika spana hapa Tabora, na mara tatu nimekataa. Mstaafu akianza kuandika, husifu ujana wake mpaka wasomaji wanasinzia. Lakini wiki iliyopita mmoja wenu alituma kwenye kundi letu la simu video ya jamaa aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Jamaa anasema magari ya mbio ya kisasa, haya ya milango miwili yanayonguruma hata yakiwa yamesimama, yanunuliwe sasa na kutunzwa, kwa kuwa miaka thelathini ijayo yatakuwa hazina ya kugombaniwa. Mkabishana siku nzima badala ya kufanya kazi, kisha mkaniuliza, "Fundi Mrisho, wewe unasemaje?" Nilizima simu kwa hasira. Hasira hiyo bado ninayo, na ndiyo inayoandika hapa.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Aliyetaka utajiri hakuja kulala chini ya magari ya watu.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Fundi Kasimu, Mmanyema wa mtaa wa Ng'ambo, mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, maana mama aliambiwa kwamba naenda kazini. Kasimu alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Nawa mikono." Nikamwambia bado sijashika kitu. "Ndiyo maana nakwambia unawe. Gari la watu halijakukosea, kwa nini ulichafue?" Kwa miezi sita sikufungua nati hata moja. Kazi yangu ilikuwa kupanga kwenye sinia nati alizofungua yeye, kwa mfuatano uleule, na ole wangu nikichanganya. Alikuwa akipita nyuma yangu ananiuliza ya tatu kutoka kushoto ni ya wapi. Nikikosea, anamwaga zote mchangani nianze upya. Nilimchukia kwa moyo wangu wote mpaka siku nilipofunga injini nzima peke yangu na sinia likabaki tupu. Siku hizi nawaona mnamaliza kazi na kiganja kimejaa nati zilizobaki, mnacheka, mnasema gari limepungua uzito. Mnanikera, na nilikuwa nataka kuwaambia hivyo siku nyingi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Wembe ulipima mwanya wa cheche, gasketi tulikata kwenye boksi la sabuni, na nta ya nyuki, ambayo kwetu haikosekani, tulipaka kwenye maungio ya nyaya ili maji ya masika yasiingie. Kwa vifaa hivyo tulifufua gari dogo la Kiingereza la viti viwili, lisilo na paa, ambalo mzungu mmoja mnunuzi wa tumbaku alilitelekeza Urambo. Tulipolikuta, kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva na mchwa walikuwa wamemaliza mbao za ndani ya milango. Kasimu alichonga nyingine za mninga, akizipima kwa kamba na jicho. Pampu ya mafuta ilitoka kwenye trekta. Ilituchukua miezi minane, na siku lilipowaka tuliliendesha mpaka Kigwa na kurudi, mimi nikiwa nimeshikilia mlango wa upande wangu kwa mikono miwili kwa sababu kitasa tulikuwa bado hatujakipata.

Miaka mingi baadaye mgeni mmoja alilikuta mjini, akapiga magoti barabarani kulichungulia kwa chini. Nikadhani amedondosha kitu. Kumbe alikuwa analistaajabia. Akauliza ni nani aliyechonga zile mbao, nikamwambia yupo makaburini. Tangu siku hiyo nikajiwekea imani kwamba gari la zamani hudumu kwa sababu halimfungii mtu mlango. Fundi yeyote mwenye akili na subira analifungua, anaona, anaelewa. Imani hiyo haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa mimi kuacha kujifunza nikisha kuipata.

Kasimu ndiye aliyenifundisha pia kuwasha gari bila ufunguo, kuunga dairekti. Nikapata sifa mji mzima. Mwalimu mkuu akadondosha ufunguo chooni, naitwa mimi. Bwana harusi akasahau wake Nzega, naitwa mimi. Nafika na bisibisi na kipande cha waya, dakika mbili injini inaunguruma, watu wanapiga makofi. Nawaambieni, mtu akipigiwa makofi miaka thelathini kwa jambo moja, hubaki palepale akisubiri makofi mengine.

Sasa nifike kwa Luhende. Mhandisi Luhende alifanya kazi ya visima na mabomba maisha yake yote, akafiwa na mke, akastaafu, akajenga Itetemia. Wenzake walinunua ng'ombe. Yeye akaagiza gari la mbio kutoka Japani, la buluu, la chini kiasi kwamba mtu mzima akitaka kushuka lazima aombe mkono. Lilikuwa limetumika huko na lilikuja na ufunguo mmoja tu. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa analileta gereji, hata kama halina ugonjwa wowote.

"Mwangaluka, Fundi."

"Mwangaluka, Mhandisi. Ndege yako imetua salama?"

"Cheka tu. Hili miaka thelathini ijayo watu watalipigia magoti, kama lile lako la mzungu wa tumbaku."

"Halifiki. Lile tulilitibu kwa mninga na nta. Hili kompyuta yake ikifa, umebaki na kabati la nguo."

"Kila gari lilikuwa la kisasa siku lilipotoka kiwandani," alikuwa akiniambia. "Kasimu wako alizaliwa anajua kabureta? Alijifunza. Na wewe jifunze."

"Mimi nimeshazeeka."

"Hujazeeka, Fundi. Umeridhika."

Neno hilo liliniuma, nikamnunia wiki mbili. Lakini ubishi wetu uliendelea, na nakiri kwamba Jumamosi asipokuja nilikuwa natazama barabarani. Siku moja akaniomba nimtafutie mtu wa kumtengenezea ufunguo wa pili. Akanieleza kwamba ndani ya kishikio cha ule ufunguo mna kitu kidogo sana chenye namba ya siri, na kwamba kontroboksi, ule ubongo wa gari, isipoitambua namba hiyo hairuhusu injini iwake. Nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa ndoto. "Ufunguo wa pili wa nini, na mimi nipo?" nikamjibu. Akacheka, nami nikacheka, na shauri hilo likaishia hapo.

Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa, Shija, anafanya biashara Shinyanga. Mdogo, Milembe, ni muuguzi hapa hospitali ya Kitete. Huyu binti alijifunza kuendesha katika gari lile, baba yake akiwa pembeni anamkaripia kila akikanyaga breki kwa nguvu. Tangu mama yao afariki, hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kuzungumza. Akitoka zamu baba anamfuata, wanazunguka mpaka nje ya mji, wanarudi. Milembe aliwahi kuniambia kwamba nyumbani baba yake alikuwa kimya, ila akishika usukani anasema mambo yote.

Luhende alifariki mwaka huu, masika yakiisha. Moyo.

Wale ambao si wa huku niwaeleze kidogo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, na aliyefia njiani alizikwa na aliyekuwa karibu. Ndiyo maana mtani ana haki zake msibani. Atavaa nguo za marehemu, atalala njiani jeneza lisipite, atachukua kitu cha thamani na kutishia kukiharibu. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Anachotakiwa ni kukikomboa kile kitu kwa chochote kilicho karibu, kuku, sigara, hata kitambaa, na mtani atakirudisha. Watu wanacheka, machozi yanapata nafasi ya kukauka, maziko yanaendelea.

Mtani wa Luhende alikuwa Mzee Pazi, dereva wa treni mstaafu, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi akanogewa. Siku ya maziko alikuja amevaa kofia ya marehemu kisogoni. Padri alipomaliza sala, Pazi akasogea ukingoni mwa kaburi, akatoa mfukoni ule ufunguo. Alikuwa ameunyakua kwenye msumari sebuleni.

"Huyu Mnyamwezi babu yake alikwenda pwani kwa miguu, pembe ya ndovu kichwani!" akapaza sauti. "Yeye akajifanya hodari wa mbio! Haya, nenda nao, usije ukatusumbua kuudai!" Akaunyoosha mkono juu ya kaburi, akatutazama mmoja mmoja, akisubiri.

Watu walicheka. Nami nikapiga kelele kutoka katikati ya umati, "Tupa, Mzaramo! Tupa tu! Mimi nitaliwasha kwa waya!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Hata padri aliinamisha uso. Pazi akanitazama, akasita kidogo, akaachia. Tukausikia ufunguo ukigonga kifuniko cha jeneza, kisha machepeo yakaanza kazi.

Baada ya siku tatu ukoo ulikaa kikao, na siku hiyohiyo kaburi likamwagiwa zege. Shija alitaka nyumba ya Itetemia ipangishwe na ua usafishwe. Kuhusu gari wakakubaliana hivi: likiwa zima ni la Milembe, likiwa bovu ni chuma, liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pamoja na mashine ya kusaga iliyokufa. Kipimo ni kwamba litoke uani kwa nguvu zake lenyewe kabla ya arobaini. Milembe alikuja gereji na sare yake ya kazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Najua kilichokuleta. Kesho utaondoka nalo."

Nilisema kesho.

Kesho yake nilifungua kifuniko cha usukani, nikaunga, mota ya kuwashia ikazunguka vizuri, injini isiwake. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu ndogo inayopepesa. Nikaunga tena kwa njia nyingine. Taa ikapepesa. Nikabadilisha plagi ambazo hazikuwa na kosa, nikasafisha mabomba ambayo hayakuwa na kosa. Wiki ya pili ikaisha. Mmoja wenu, sitamtaja, alinijia kwa adabu akasema, "Mzee, usiendelee kugusa. Mwanza kuna mtaalamu wa hizi kompyuta, tumwite." Mnakumbuka nilivyomjibu mbele yenu wote. Nilimwambia nilikuwa nawasha magari kabla baba yake hajaota ndevu. Nanyi mkacheka, mkanipa makofi mengine. Nanyi nawakasirikia.

Nikaenda mpaka kwa Pazi kumgombeza, jambo ambalo Mnyamwezi hamfanyii mtani wake. Alikuwa barazani anamenya karanga.

"Umemuua binti wa watu, Pazi. Ile si mizaha."

Pazi hakunijibu kwa utani. "Mrisho, mimi mkono wangu ulikaa juu ya kaburi muda gani? Nilikuwa nangoja mtu akomboe. Mtani hatupi, mtani anangoja. Mwenye kusema tupa ni wewe." Akarudi kwenye karanga zake. Niliondoka bila kuaga.

Kuna waliosema kaburi lifukuliwe. Wazee wa ukoo waliwafukuza kwenye kikao, na Milembe mwenyewe alisema hatamwamsha baba yake kwa ajili ya ufunguo.

Siku ya thelathini, mchana wa jua kali, uvumilivu ukaniishia. Nikachukua waya wa moto moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikaupeleka kwenye kontroboksi, pale nilipoamini ndipo penye mlinzi wa taa nyekundu. Taa ikazimika. Nilishangilia! Mzee mzima nilirusha bisibisi hewani. Kisha nikasikia harufu ya plastiki, nikaona moshi mwembamba unatoka kwenye kile kisanduku, na nikajua nimefanya nini.

Ndipo nikampigia yule mtaalamu wa Mwanza. Alifika siku ya thelathini na tano. Kumbe ni binti, anaitwa Sabina, ana kompyuta ya mkononi na begi dogo la mgongoni. Kabla ya kushika kitu chochote aliomba maji, akanawa mikono. Nilitazama kando. Alifungua kisanduku, akakinusa, akainua macho.

"Mzee, nani ameweka moto humu?"

"Mimi."

"Ungeniita kabla. Humu ndani mna kumbukumbu ya ile namba ya siri. Ningeisoma, nikakutengenezea ufunguo mwingine. Ni kazi ya asubuhi moja."

Hakunikejeli, na laiti angenikejeli. Alikaa siku nzima kwenye simu akiwaandikia wauza vipuri wa Dar, wa Dubai, wa Japani. Gari lile lilitengenezwa kwa uchache, visanduku vyake ni adimu. Mmoja tu alisema kinapatikana, kitafika baada ya miezi mitatu. Sisi tulikuwa tumebakiwa na siku tano.

Kwa hiyo mkitaka jibu la ile video, jibu ninalo na linaniudhi. Ndiyo, yanaweza. Gari la mbio la kisasa linaweza kudumu na kuheshimiwa kama lile la mzungu wa tumbaku, na Luhende alikuwa sahihi kila Jumamosi aliyobishana nami. Lakini huyo jamaa wa miwani anawadanganya anaposema mlifungie tu na kusubiri. Lifungieni na mchoro wa nyaya zake, na ufunguo wa pili uliokaa nyumba nyingine, na kumbukumbu ya kontroboksi iliyonakiliwa mapema, na vipuri vyake vya asili hata vikiwa vimechakaa. Msikate waya msioujua. Zaidi ya yote, lazima awepo mtu anayelielewa. Kasimu hakulifufua lile gari kwa sababu lilikuwa rahisi. Alikaa na mbao zile miezi minane kwa sababu alikubali kwamba yeye hazijui. Mimi niliurithi wembe wake na sinia lake, nikaliacha hilo.

Tena nawakasirikia wanaoyatengeneza. Mtu anatengeneza kufuli ndani ya gari la mwenzake, kisha baada ya miaka michache anaacha kutengeneza ufunguo. Lakini sitajificha nyuma yao. Kufuli lile Sabina alilijua, na ni mdogo kuliko mwanangu wa mwisho.

Siku ya arobaini, baada ya misa, lori la vyuma chakavu liliingia uani. Vijana wake walipakia mabati, wakapakia mashine ya kusaga, wakaanza kufunga minyororo kwenye gari la buluu. Nilimfuata Shija nikamwomba aniachie. Nikamwambia nitalivuta mpaka gereji, nitangoja kisanduku kije, nitamlipa Sabina mimi mwenyewe, sitataka chochote. Shija si mtu mbaya. Alifikiri, akasema, "Mzee Mrisho, mimi nimeshachoka na habari ya hili gari. Akikubali Milembe, lichukue."

Milembe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amejifunga kitenge juu ya gauni jeusi. Nilimweleza yote upya, habari ya miezi mitatu, habari ya kisanduku. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, baba," akasema. "Waache walichukue."

"Mwanangu, nakuahidi."

"Najua unaahidi." Alikuwa anatazama minyororo ikikazwa, wala sauti yake haikupanda. "Siku ile ya maziko nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa nimeshakivua hiki kitenge, nimekinyoosha, nimpe Mzee Pazi nikomboe ufunguo. Nikakusikia unasema tupa, utaliwasha. Nikajifunga tena."